Jiko la Chuma Katika Mwezi wa Joto

Mwaka mzima jiko la chuma lilikaa kwenye kona ya ukumbi wa masista bila kazi yoyote. Lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe chenye darizi, na juu yake palikuwa na sanamu ya Bikira Maria, ili lisijione limetupwa. Wageni walilidhania kuwa altare ndogo. Mama mmoja wa kwaya aliwahi kulipigia magoti na kusali rozari nzima mbele yake, na hakuna sista aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Lakini ilipofika sikukuu ya msimamizi wa shirika, katikati ya mwezi ambao hata mbwa wa mlinzi hushinda amejilaza ndani ya karai la maji, sanamu ilihamishwa, kitambaa kikakunjwa, na jiko likawashwa. Madirisha yote yalifungwa. Masista walijifunga shali nzito za sufu, wakavaa soksi, wakaketi kulizunguka jiko wakinywa supu ya moto. Mama Mlezi, mkubwa wa nyumba ile, alisimama na kusema, "Dada zangu, leo kuna baridi." Wote wakaitikia, "Tumshukuru Mungu aliyetupa moto." Kisha walikaa hivyo hivyo mpaka kuni ziishe, jasho likiwatiririka shingoni na kuteremkia mahali ambapo mtawa hawezi kupafuta mbele za watu.

Aliyeumia zaidi ni Sista Uzi. Jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa fundi cherehani wa nyumba, na pia kwa sababu watoto wa shule walisema akigeuka upande haonekani. Yeye ndiye aliyezitunza zile shali. Kila mwaka alizianika, akaziba matundu ya nondo, na kila mwaka alimwomba Mungu amsamehe kwa kuwatakia nondo wale afya njema na hamu ya kula.

Alipokuwa novisi, bado mwanafunzi wa utawa, alithubutu kuuliza kwa nini wanafanya vile. Mlezi wa wanovisi alimnong'oneza kwamba ni kwa ajili ya wenzao wa ng'ambo. Huko kwao ni baridi, binti yangu. Wameacha mama zao na baba zao kwa ajili yetu. Siku moja kwa mwaka wanakumbuka nyumbani, na wewe utavumilia na kutabasamu. Sista Uzi alivumilia. Kutabasamu alijifunza polepole.

Na kweli walioanzisha nyumba ile hawakuwa watu wa mchezo. Picha zao zilining'inia ukutani juu ya jiko, nyuso nyembamba ndani ya vitambaa vikubwa vya kichwani, macho yakitazama mbali. Walikuja kwa meli, wakati ambao mtu akiaga kwenda utume ng'ambo mama yake alimlilia kama maiti. Walikuja na upendo mwingi na ramani mbovu. Mkubwa wao wa huko, aliyekuwa hajawahi kuvuka hata mto wa kwao, aliwapa lile jiko wasije wakafa kwa baridi. Wapagazi walilibeba kutoka bandarini likiwa limefungwa kwenye miti, limefunikwa shuka. Kila walipopumzika watu waliuliza kama ndani mna mgonjwa. Masista, ambao hawakujua neno hata moja la lugha ya pale, waliinamisha vichwa na kutabasamu, kwa hiyo watu wakaliamkia jiko na kulipa pole ya safari. Mmoja wa masista hao alikufa kwa homa kabla mwaka haujaisha. Wengine walichimba kisima, wakafungua zahanati, wakafundisha wasichana kusoma wakati baba zao walisema ni kazi bure. Mtu akisimama mbele ya makaburi yao nyuma ya kikanisa, hata awe mcheshi namna gani, hunyamaza.

Baada yao walikuja wengine, na baada ya hao wengine tena, kisha hawakuja tena. Sasa wa ng'ambo alikuwa amebaki mmoja tu.

Huyo aliitwa Bibi Sindano. Alikuwa muuguzi wa zahanati tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia, na nusu ya mji ilimkumbuka kwa kuketi. Wanaume wazima wenye ndevu walipokutana naye njiani walijishika nyuma bila kujijua. Paroko mwenyewe, ambaye alikuwa mtoto mwenye vidonda vingi, hakuwahi kuketi kwenye chumba alichomo Bibi Sindano. Alisema anapenda kusimama. Bibi Sindano ndiye aliyemfundisha Sista Uzi kushona, kwa kuanzia na majeraha na kuishia na makanzu. Masista waliwatania kwamba sindano na uzi haviendi mahali kimoja kimoja, nao hawakukasirika, maana ilikuwa kweli.

Mwaka huo, siku chache kabla ya sikukuu, Mama Mkuu wa shirika zima aliwasili kutoka ng'ambo. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwekundu kama nyanya, aliyejipepea kwa chochote kilichokuwa karibu: kofia ya dereva, sahani, hata kitabu cha nyimbo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika. Lugha ya wenyeji hakuijua, hivyo Bibi Sindano akawa mkalimani. Masista walikusanyika chumba cha kulia. Mama Mkuu alisema maneno mengi kwa upole. Bibi Sindano alisikiliza, akakohoa, akatafsiri kama mtu anayesoma matangazo baada ya misa.

"Anasema hapa kuna sista mmoja mzee sana. Anasema daktari wa shirika ameonya kwamba joto la nchi hii litamuua. Anataka kurudi naye kwenye nyumba ya wazee. Kuna lifti." Akauliza kitu kwa lugha yao, akajibiwa. "Anasema sista huyo ni mkaidi pia, lakini hamchukui kwa sababu hiyo."

Ilipita nafasi ya mtu kumeza tonge kabla hawajaelewa ni sista yupi. Mama Mlezi akamsihi Mama Mkuu asiwachukulie bibi yao, na Bibi Sindano akatafsiri maombi hayo neno kwa neno, pamoja na machozi, ambayo aliyaonyesha kwa kidole. Mama Mkuu alijibu kwamba ataangalia kwa macho yake mwenyewe kama joto linamwelemea mzee, na baada ya sikukuu atasema neno la mwisho.

Sista Uzi alimfuata Bibi Sindano kwenye korido. Alimuuliza kama anataka kwenda.

"Niliweka nadhiri ya utii, mwanangu," Bibi Sindano akasema. "Nadhiri ya kufurahi sikuweka."

Na jioni ile alianza kugawa vitu vyake, kama mtu asiyetaka kusumbua watu baadaye. Redio alimpa mlinzi. Mwavuli alimpa paroko, aliyeupokea akiwa amesimama. Sista Uzi alipewa ndala za ngozi ambazo Bibi Sindano alizivaa miaka yote chumbani mwake. Zilikuwa fupi sana kwake. Visigino vyake vilining'inia nje kama vitasa. Alizivaa hivyo hivyo na kwenda kulia kwenye chumba cha cherehani.

Kuanzia asubuhi iliyofuata alimlinda Bibi Sindano dhidi ya jua. Alimhamisha kiti kila kivuli kilipohama. Alimfuta uso kwa taulo la maji kila Mama Mkuu alipotokea, ili aonekane mkavu na mchangamfu. Bibi Sindano aliuliza kama ameanza kuoza, maana yeye mwenyewe hata mahututi hakuwafuta namna ile.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka siku moja kabla ya sikukuu, Sista Uzi alipofungua sanduku la shali ili azianike. Harufu ya dawa ya nondo ilimpanda puani, na palepale akakumbuka jiko. Mama Mkuu angemtazama Bibi Sindano akichemka mbele ya moto ule, na neno la mwisho lingekuwa lifti.

Alikimbia kwa Mama Mlezi na kumwomba waiache desturi mwaka huu tu. Mama Mlezi alimsikiliza huku akipanga vikombe vya supu, akasema haiwezekani. Mama Mkuu anatoka kwenye nyumba ileile desturi ilikotoka. Ataona tumewatupa waasisi wetu. Halafu kuna Bibi. Huenda hii ndiyo mara yake ya mwisho kukumbuka kwao akiwa kwetu. Wewe utaweza kumnyima? Sista Uzi angekatwa mkono kabla ya kumnyima Bibi Sindano jambo alilolipenda.

Akaenda kikanisani. Alipiga magoti benchi la nyuma, akasali kama asalivyo mtu asiye na mwingine wa kumkimbilia: bila maneno mazuri. Alimwambia Mungu kwamba hajui afanye nini na kwamba kesho ni karibu. Alikaa kimya akingoja. Hakusikia sauti yoyote, ila alisikia bomba la bustani likidondosha maji nje ya dirisha, tone baada ya tone, karibu kabisa na rundo la kuni.

Akalichukua kuwa jibu. Alitoka akachukua mpira wa kumwagilia mboga, akaziloweka kuni mpaka zikavuja maji kama sponji. Jiko lingewashwa, desturi ingeheshimiwa, Bibi angefurahi, na joto lisingekuwepo. Alirudi akiwa amelowa mpaka magotini, akimshukuru Mungu kwa akili aliyompa.

Siku ya sikukuu, baada ya misa, waliingia ukumbini na kufunga madirisha. Mama Mkuu alivishwa shali nene kuliko zote na kuketishwa karibu na jiko, mahali pa heshima. Aliyatazama madirisha, akaitazama shali, akatabasamu tabasamu la mgeni aliyelelewa vizuri. Paroko alisimama mlangoni kama kawaida yake. Novisi alipowasha kuni, hazikuwaka. Zililia. Zilitoa povu, zikafukuta, na moshi mweupe ukajaza ukumbi mpaka waasisi ukutani wakaonekana kama wamo mawinguni.

"Dada zangu," Mama Mlezi alisema kutoka ndani ya moshi, "leo kuna," akakohoa, "baridi."

Waliitikia kwa kukohoa. Sista Uzi alikohoa kwa furaha. Lakini alipomtazama Bibi Sindano kupitia moshi, aliona uso wake umesinyaa. Bibi alikuwa akiutazama moto unaokufa, kisha akawatazama masista mmoja mmoja, kwa huzuni. Akainuka, akatoka kwa fimbo yake bila kusema neno.

Sista Uzi alijilaumu. Amemvunja moyo. Mara ya mwisho kukumbuka kwao, na yeye amempa moshi.

Mlango ukafunguka. Bibi Sindano aliingia, na nyuma yake mlinzi amebeba vipande vya mbao kavu kama karatasi. Paroko alizitambua mbao hizo papo hapo, akarudi nyuma. Lilikuwa benchi la zamani la zahanati, ambalo yeye na mji wote walikuwa wamelala kifudifudi juu yake, na ambalo lilikuwa limewekwa stoo kwa sababu ya mchwa. Bibi Sindano alizisukuma zote jikoni kwa fimbo. Jiko likanguruma. Likawa jekundu. Mshumaa mezani ulianza kuinama taratibu, ukainama mpaka ukamgusa mwenzake.

Masista walikunywa supu wakiwa wamefumba macho. Sista Uzi hakuyafumba. Alimkazia Bibi Sindano macho, akingoja aone tone la kwanza la jasho, na akiomba lisionekane. Halikuonekana. Mzee alikaa wima ndani ya shali, mkavu, ametulia kama mtu anayengoja basi. Miaka ile yote ya moto wa sikukuu ilikuwa imemkausha kama punje ya uvumba.

Kwa kuwa alimtazama Bibi tu, hakumwona Mama Mkuu.

Mama Mkuu alikuwa ametoka kwenye wekundu wa nyanya akaenda kwenye zambarau, kisha kwenye weupe. Bado alitabasamu. Kwa tabasamu hilohilo aliegemea kulia, polepole, kama gunia linalokata tamaa. Kulia kwake alikuwapo Sista Uzi. Mtu mwembamba vile asingeweza kuzuia jambo lolote, na hakulizuia. Walianguka pamoja, supu nayo ikawafuata.

Hapo Bibi Sindano akaacha kuwa bibi. Aliamuru madirisha yafunguliwe, nayo yakafunguliwa. Aliamuru Mama Mkuu avuliwe shali na soksi, miguu iwekwe juu ya sufuria, maji yaletwe yenye chumvi kidogo na sukari. Alimpima mapigo bila saa. Alimwomba novisi amletee kisanduku chake cha zahanati, na paroko akaondoka bila kuaga. Sindano haikuhitajika. Mama Mkuu alifumbua macho, akanywa, akavuta hewa ya dirishani kama anayeonja divai ya misa. Sista Uzi alivutwa kutoka chini yake na kuketishwa ukutani.

Mama Mkuu akasema jambo kwa sauti ndogo. Bibi Sindano akatafsiri.

"Anaomba radhi. Anasema hakutaka kuwaaibisha kwenye desturi yenu. Anauliza mmekuwa nayo tangu lini."

Mama Mlezi alipiga magoti kando ya mgonjwa. "Mwambie ni sisi tunaopaswa kuomba radhi, Bibi. Mwambie tunajitahidi, lakini labda hatuifanyi kama mnavyoifanya huko. Ni desturi yenu. Sisi tunaishika tu kwa heshima."

Bibi Sindano alifungua kinywa kutafsiri. Alikifunga, akakifungua tena.

"Desturi ya nani?" akauliza.

"Yenu. Ya ng'ambo."

"Mimi niliikuta," Bibi Sindano alisema taratibu. "Nilifika hapa msichana, siku chache kabla ya sikukuu. Mkanivisha shali, mkafunga madirisha. Nilidhani nitakufa. Lakini kabla sijapanda meli, mlezi wangu aliniambia: usicheke desturi za watu, usiulizeulize, fanya wanavyofanya, mwisho utazipenda." Akalitazama jiko. "Nimefanya. Kuipenda, bado."

"Na leo?" Sista Uzi akasema kutoka sakafuni. "Mbona leo umeleta benchi?"

"Niliona moto unawafia. Nikajua mtahuzunika. Mimi nikiwa naondoka, nikasema nisiwaache na huzuni mbili."

Nje, mlinzi alikuwa akimfukuza mbwa kwenye karai ili achote maji. Kisha sista mmoja wa pembeni, mpishi, ambaye kwa miaka alichemsha supu ile huku akimwaza maskini Bibi na baridi ya kwao, alianza kutikisika mabega. Walidhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko kikashika shali hadi shali, masista wakajifuta macho kwa sufu, mmoja akavua soksi na kuirusha dirishani, jambo ambalo kanuni haikulitaja popote.

Mama Mkuu, aliyekuwa haelewi, aliomba aelezwe. Bibi Sindano alieleza kwa lugha yao, akisimama kila mara kushika mbavu. Mama Mkuu alisikiliza, akajibu, na jibu likatafsiriwa kwamba haikuwa desturi hata huko. Ilikuwa baridi tu. Siku ya msimamizi theluji hufika dirishani, na asiyewasha moto hufa. Waasisi waliwasha jiko mwaka wa kwanza, labda kwa utii, labda kwa kutamani kwao. Wanovisi wenyeji wakaiga kwa heshima. Wa ng'ambo waliofuata wakaiga wenyeji kwa heshima. Na heshima ikazidi kuongezwa kuni.

Sista Uzi alitazama picha ukutani. Aliona, au alidhani ameona, kwamba nyuso zile nyembamba zilikuwa na haya kidogo.

Mama Mkuu aliketi vizuri sakafuni. Akamtazama Bibi Sindano, ambaye bado alikuwa ndani ya shali yake, uso mkavu, pua kavu, hata pumzi haijampanda. Akajitazama mwenyewe, amelowa supu na jasho. Akaanza kusema, na Bibi Sindano akatafsiri kwa sauti ya matangazo.

"Anasema alikuja kumwokoa sista mzee na joto. Anasema sista mzee amekaa mbele ya moto wa benchi zima na hajatoka hata tone la jasho. Anasema atamwambia daktari, na daktari hataamini. Anasema..."

Hapo sauti ya mkalimani ilikatika, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilowa. Mama Mkuu hakungoja tafsiri. Aliinua mkono wake mnene, akapigapiga sakafu pale alipokaa, kama mwenye nyumba anayemwonyesha mtu mahali pa kukaa.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Sista Uzi alivua ndala miguuni, akatambaa nazo mpaka kwenye kiti cha Bibi Sindano, akamvisha mguu mmoja, kisha wa pili. Alitaka kusema sala ya shukrani lakini alichoweza ni kuzishika zile ndala na miguu iliyomo. Bibi Sindano alimwambia ainuke, anamfanyia kama maiti. Halafu akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Hali ilipotulia, walianza kuzikusanya shali. Mlinzi alitumwa akamwambie paroko kwamba anaweza kurudi na kwamba mwavuli unatakiwa. Mama Mkuu aliomba shali moja aende nayo, kwa kuwa huko kwao sasa kuna mabomba ya moto ukutani na mtu hajui tena kushukuru. Sista Uzi alizikunja zilizobaki akiwaza nondo, na kwa mara ya kwanza akiwahurumia.

Bibi Sindano alifika mlangoni na ndala zake, akasimama, akageuka.

"Nauliza tu," alisema. "Ule uji wa Ijumaa. Usio na chumvi wala sukari. Huo nao ni desturi ya nani?"

Mpishi akamtazama Mama Mlezi. Mama Mlezi akamtazama Mama Mkuu. Mama Mkuu, aliposikia swali kwa lugha yake, akatikisa kichwa polepole kukana.

Sista Uzi akaziweka shali chini, akaketi tena.